Nilivyowapokea Wakwe kwa Kiojibwe

Binti yetu alipotueleza kwamba amepata mchumba, mke wangu aliuliza swali moja tu: ni mtu wa wapi? Ilikuwa Jumapili alasiri, tumetoka kanisani, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya maji juu ya meza. Huko Kanada binti alikuwa bado anakunywa chai ya asubuhi. Alijibu kwamba ni mtu wa huko huko. Mke wangu akataka kujua kama ni Mzungu.

"Hapana, mama. Ni wa watu waliokuwako kabla ya Wazungu. Waojibwe."

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo. Nililiandika nyuma ya bahasha ya kanisa ili lisinipotee, na nikaliandika vibaya.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na sita, Kiswahili na Kifaransa, kabla ya vita kututoa nyumbani. Hapa Durban nimelinda mageti, nimepakia malori, na sasa ni mwaka wa tisa niko Jacobs katika kiwanda cha vyombo vya plastiki, nasimamia mashine inayotoa ndoo. Mke wangu anasuka nywele katika saluni mjini. Tunaishi Glenwood, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, pamoja na wanafunzi wa chuo ambao hubadilika kila mwaka. Binti yetu alikulia humo. Alipata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi Kanada, akamaliza, akapata kazi katika hospitali ya mji ulio kando ya ziwa kubwa, ziwa ambalo yeye mwenyewe alituambia kwamba ukisimama ufukweni huoni ng'ambo.

Mchumba wake alilelewa na bibi yake, kwa kuwa mama alifariki angali mtoto. Tulipoeleza kwamba kwetu wazee wa mwanamume hujileta wenyewe kwa wazazi wa msichana na kusema wanachotaka, bibi huyo alituma jibu kwamba ameelewa, na kwamba hata kwao mambo hayafanywi na vijana peke yao. Safari ya ndege hakuiweza. Tukakubaliana tukutane kwa simu ya video, Jumapili, baada ya miezi mitano.

Kabla ya hapo niliongea na kijana mwenyewe, kwa Kiingereza, mwanamume kwa mwanamume. Nilimwuliza bibi yake anaongea lugha gani nyumbani. Akasema Kiingereza. Lugha yake hasa ni Kiojibwe, lakini hana wa kuongea naye, rafiki zake wa rika wamekwisha kufa. Nikamwuliza yeye je, anaijua? Akasema anajua kusalimu na kushukuru, basi. Kisha akanieleza sababu. Bibi alichukuliwa akiwa na miaka sita akapelekwa shule ya bweni, na huko mtoto aliyeongea lugha ya kwao alipigwa. Alipopata watoto aliapa kwamba hakuna hata mmoja atakayepigwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hakuwafundisha.

Niliagana naye vizuri, nikazima simu, nikakaa. Mke wangu aliniuliza kama kijana amesema jambo baya. Nikamwambia hapana, amesema jambo ninalolijua.

Nilipokuwa mwalimu kijana kule Bukavu, shule yetu ilikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mwanafunzi aliyesikika akiongea Mashi, lugha yetu ya nyumbani, darasani alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, amvishe yeye. Aliyebaki nacho jioni alipigwa. Sikukibuni mimi kibao kile. Na mimi nilikivaa nikiwa mtoto. Lakini nilipopewa darasa nilikivisha wengine, na sikumbuki kwamba nilisita. Nilijiona mwalimu mzuri.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko ya chai kiwandani, nilianza kutafuta Kiojibwe kwenye simu. Niligundua kwamba iko kamusi mtandaoni ambayo ukigusa neno, mzee wa kwao analitamka. Nikagusa neno la salamu: *boozhoo*. Sauti ya mama mtu mzima ikanisalimu katikati ya kelele za mashine. Nikaligusa tena.

Mke wangu hakupendezwa. Alinisikiliza jioni ile nikirudiarudia maneno jikoni, akavumilia, halafu akaweka mwiko chini.

"Mais, ni wao ndio wanakuja kuomba binti," alisema. "Juu ya nini weye ndio ujifunze luga yao? Wajifunze yetu."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Nilimwambia kwamba mgeni akifika mlangoni hungoji ajue jina la kiti ndipo umkalishe. Akasema hilo ni jambo la kiti, hili ni jambo la mtoto wake. Tuliliacha hapo. Lakini hakunikataza, na kwa mke wangu kutokukataza ni hatua kubwa.

Katika nyumba yetu alikuwa amepanga dada mmoja Mkenya, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika isimu. Namwita mwalimu, naye ananiita mzee. Alipojua ninachojifunza alifurahi kuliko nilivyotarajia, akaniletea kitabu cha sarufi alichokipata kwenye mtandao wa chuo na kukichapisha, kurasa zimebanwa kwa pini. Tukawa tunakaa barazani jioni mbili kila wiki, mimi nimetoka kazini na harufu ya plastiki nguoni, yeye na kikombe chake cha chai. Nilimwonya kwamba nina miaka hamsini na minane na kichwa kimejaa. Akasema, "Mzee, wewe umezaliwa na ngeli. Mwingereza ndiye atakayelia hapa, si wewe."

Alisema kweli. Kiojibwe kinagawa majina mafungu mawili: yaliyo hai na yasiyo hai. Kitenzi hubadilika kufuata fungu. Ukiona kiatu utasema *niwaabandaan*, nakiona. Ukiona dubu utasema *niwaabamaa*, namwona. Mtu aliyezoea kusema "kiboko mkubwa amelala" na si "kikubwa kimelala" haoni ajabu hapo. Na ile *ni* ya mwanzo ni mimi! Nilipoiona mara ya kwanza nilimwita mwalimu kutoka chumbani kwake nimwonyeshe: wanasema *ni* kama sisi. Alinionya kwa upole kwamba ni bahati tu, hakuna undugu wowote kati ya lugha hizi, bahari nzima iko katikati. Nilimkubalia. Lakini furaha yangu sikuirudisha.

Shida ilianza nilipokuta kwamba hai kwao si hai kwetu. Jiwe, *asin*, liko hai. Kiazi kiko hai. Theluji, mkate, wavu wa samaki, vyote viko hai. Tunda moja dogo jekundu liko hai na jingine dogo jekundu haliko. Nilimwuliza mwalimu sheria yake ni nini. Akaniuliza na mimi: kifaru akianguka porini, nasema ameanguka au kimeanguka? Nikasema ameanguka. Na kifaru cha vita kikipinduka je? Nikasema kimepinduka. "Sasa mfundishe Mjapani kwa nini," akasema. Siku hiyo nilijifunza kwamba *mitigoog* ni miti iliyosimama na *mitigoon* ni vijiti, neno moja, mikia miwili. Baada ya hapo niliacha kudai sheria, nikawa nakariri.

Juma hilohilo nilifikia neno *akik*. Maana yake ni sufuria au ndoo, na ndoo iko hai.

Nilikuwa mbele ya mashine. Kalibu ilifunguka, ndoo ikadondoka kwenye mkanda, bado ina joto, na nyuma yake nyingine, na nyingine. Miaka tisa nimezitoa, sijui ni ngapi. Niliinua moja nikaitazama. Nilicheka peke yangu, na mama mmoja wa Kizulu anayebandika mipini karibu nami akauliza kuna nini. Ni mtu mzima mwenzangu, wa Umlazi, ananiita baba nami namwita mama. Nilimweleza kwa Kizulu changu cha kuungaunga kwamba iko nchi ambako ndoo inahesabiwa kama kiumbe. Alifikiri kidogo, akabandika mpini, akasema kama iko hai basi na yenyewe ijiunge na chama cha wafanyakazi. Tangu siku ile, kila asubuhi akipita kwenye mkanda aliziuliza ndoo zimelalaje.

Ni yeye aliyenipa salamu yangu. Nilikuwa nimetafuta maneno mazuri ya kuanza nayo, na yote yalikuwa ya kitabu. Asubuhi moja aliniamkia kama kawaida, "Sawubona, baba," na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Durban nilisikia ndani ya neno lenyewe: tunakuona. Nikamwuliza wakiwa wengi inakuwaje. "Sanibona," akasema, akinishangaa kwa kuuliza jambo ambalo watoto wanalijua.

Jioni nilimpelekea mwalimu: nataka kuwaambia wageni "nawaona". Tulifungua jedwali la vitenzi, tukakaa nalo zaidi ya saa nzima. Hapo nikakutana na jambo lililonituliza kabisa. Katika Kiswahili nasema nakuona, mimi kwanza, wewe baadaye. Katika Kiojibwe yule ninayeongea naye hutangulia daima, awe anatenda au anatendewa. Wewe unaniona, *giwaabam*. Mimi nakuona, *giwaabamin*. Ile *gi* ni wewe, na iko mbele mara zote mbili. Mimi najificha mkiani. Nikiwaona ninyi nyote: *giwaabamininim*. Neno hilo lilinichukua siku nne. Nililitamka kwenye mdundo wa mashine, nililitamka nikingoja robot, taa za barabarani, iwe kijani barabara ya Umbilo, nililitamka bafuni mpaka mpangaji wa chumba cha jirani akagonga ukuta.

Mke wangu alikuwa akinisikia muda wote huo. Siku moja aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye nywele za kusukia alizokuwa akizichambua, kwa nini nasema "sisi" kwa namna mbili. Nilimweleza kwamba kwao kuna sisi mbili. *Niinawind* ni sisi bila wewe unayesikiliza. *Giinawind* ni sisi pamoja na wewe. Huwezi kusema sisi tu. Lazima uchague kama msikilizaji yumo au hayumo.

Aliziweka nywele chini.

"Na katika hiyo hotuba yako umetumia gani?"

Nikamwambia *giinawind*, bila shaka. Ndoa ni kuungana.

"Bado," akasema. "Hawajaomba. Wakiomba, na mimi nikikubali, ndipo utawaingiza. Kabla ya hapo, ile ya kwanza."

Nilimtazama mke wangu, mwanamke aliyeacha shule darasa la sita, akinisahihishia matumizi ya nafsi katika lugha ambayo hajaisoma. Nikachukua kalamu, nikarekebisha hotuba yote. Kuanzia jioni hiyo alikaa nasi barazani. Kuna mkato wa pumzi kooni katika maneno kama *ode'imin*, yaani stroberi, ambao mimi niliukosa kila mara. Yeye aliutoa siku ya kwanza.

Jumapili yenyewe ilifika. Tulivaa kama tunaenda harusini. Mke wangu alitandika kitambaa cheupe mezani ingawa wageni wasingekula, akapanga vikombe. Mwalimu tulimwalika kama shahidi. Alikaa pembeni, kitabu mapajani.

Simu iliita. Upande wa pili walikuwa wanne: binti yetu, kijana, mjomba wake mwenye shati la mistari, na katikati, kwenye kiti cha kuegemea, bibi. Alikuwa mdogo wa mwili, nywele nyeupe zimekatwa fupi, miwani mikubwa. Alikuwa ameinamisha uso kwenye mikono yake kama mtu anayengoja zamu yake hospitali. Mjomba alianza kwa Kiingereza, akitushukuru kwa kuwapokea. Nikainua mkono kwa heshima, nikamwomba aniruhusu kwanza.

"Boozhoo. Giwaabamininim," nikasema. "Biindigeg. Namadabig."

Nawaona. Ingieni. Kaeni. Hiyo *g* ya mwisho ndiyo *ni* yetu ya ingieni na kaeni, na nilikuwa nimeihofia kuliko yote, kwa sababu bila hiyo ningekuwa nimemkaribisha mtu mmoja na kuwaacha watatu nje.

Bibi akainua uso. Alivua miwani, akaisogelea simu mpaka tukaona paji la uso tu, akauliza jambo. Sikuelewa. Nikatumia sentensi niliyoiandaa kwa ajili ya hatari hiyo: *bangii nindojibwem*, naongea kidogo. Akaliuliza tena, polepole sana, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Safari hii nilishika kipande: natoka wapi? Nikamjibu, *Bukavu nindoonjibaa*. Akalirudia jina la mji wetu mara mbili. Mjomba alikuwa ameshika mdomo. Kijana alikuwa akimtazama bibi yake kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

Bibi alimwambia kitu binti yetu, binti akatoka kwenye picha akarudi na sahani. Bibi akaiinua mbele ya simu. Ulikuwa mkate wa duara, wa kahawia, ameuoka mwenyewe kwa siku hiyo. Jina lake nililijua. Nikasema kwa majivuno ya mwanafunzi aliyesoma: "Niwaabandaan bakwezhigan."

"Gaawiin," bibi akasema. Hapana. "Niwaabamaa."

Nilikuwa nimesahau kwamba mkate uko hai. Nikaketi wima. "Niwaabamaa bakwezhigan," nikarudia, na akatikisa kichwa kukubali, si kwa tabasamu, kwa ukali ule wa mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi angeweza kupata tangu mwanzo. Nimefundisha miaka kumi na sita na ninaujua ukali huo. Mwanamke aliyepigwa kwa sababu ya lugha hii alikuwa akinisahihisha sarufi yake mbele ya mwanawe na mjukuu wake. Nilijisikia mrefu. Pembeni, mwalimu wetu Mkenya alikuwa akifuta macho kwa kurasa za kitabu.

Kisha walisema walichokuja kusema. Mjomba alianza kwa Kiingereza na bibi akamalizia kwa Kiojibwe, na sikuhitaji kamusi, sauti ya mzee anayeombea mjukuu wake naijua. Nilipojibu, nilisema *niinawind*, mimi na mke wangu na wazee wetu waliolala Bukavu, kwamba tumesikia. Kisha nikamgeukia mke wangu. Alichukua muda wake. Alimwuliza kijana swali moja kwa Kiingereza chake kifupi, kama atamruhusu binti yetu kuja kutuona. Kijana akasema watakuja pamoja. Mke wangu akatazama kitambaa cheupe, akakinyoosha, akaniambia, "Bon. Waingize."

"Noongom," nikasema, sasa, "giinawind."

Bibi alipiga mkono kwenye mkono wa kiti. Aliniita *nindindawaa*, na kwa kuwa sikulijua neno hilo, mjomba alilieleza: hivyo ndivyo mzazi wa mume na mzazi wa mke wanavyoitana. Bibi alikuwa amemlea kijana, kwa hiyo neno lilimstahili. Mke wangu akataka aambiwe na yeye anaitwaje. Ni hilo hilo. Akalitamka bila kosa.

Harusi ilifanyika kule kwao mwezi wa nane, na hapa Glenwood tulifanya yetu ya sala na wali siku hiyo hiyo. Lakini yaliyobaki kwangu si ya harusi. Wiki chache baadaye bibi aliomba kuongea nami, na kijana akakaa naye kumsaidia kushika simu. Nilikuwa nimebeba jambo la kibao muda wote huo na niliona si haki kuendelea kusifiwa bila kulisema. Nililisema kwa Kiingereza, maana Kiojibwe changu hakikufika huko. Nilimwambia kwamba mimi pia nilikuwa mwalimu wa aina ile. Nilimweleza kuhusu msichana mmoja wa darasa la pili aliyeomba maji kwa Mashi, siku ya joto, nami nikamvisha kibao kabla ya kumpa kikombe.

Bibi hakusema kwamba amenisamehe, na sikuwa nimemwomba. Aliuliza, "Alisema neno gani?"

"Amishi," nikamwambia.

"Amishi," bibi akasema. Akalirudia, akilipima. Kisha akanyoosha kidole kwenye bilauri iliyokuwa karibu naye. "Nibi."

"Nibi," nikasema.

"Nibi," akasema kijana, ambaye hakuna aliyemwuliza.

Hapo ndipo kijana alipoanza. Jumamosi iliyofuata alinipigia simu na kuniuliza kitabu ninachokitumia kinaitwaje. Nilimtumia picha za kurasa zote, moja moja, pamoja na alama zangu za kalamu na maelezo ya Kiswahili pembezoni, ambayo mke wake alimtafsiria. Tukawa wanafunzi wa darasa moja. Kila Jumamosi, kwake asubuhi na kwangu alasiri, tuliulizana majina. Nilimpa mitihani na kumsahihishia kwa wino mwekundu, naye alipokea alama zake bila kulalamika. Alama ya kwanza ilikuwa saba kwa ishirini. Nilimwambia ukweli kwamba nimewahi kufundisha watoto wa miaka tisa waliopata zaidi.

Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho: alikuwa na bibi. Kila alichokosa mchana alikipeleka kwake. Alianza kumpelekea maji kwa Kiojibwe, kumwuliza kama ana njaa, kama amelala vizuri. Binti yetu aliniambia kwamba mzee alianza kumjibu kwa sentensi ndefu bila kungoja aelewe, na kwamba siku nyingine akiwa jikoni peke yake alisikika akiimba. Baadaye kidogo mjomba naye akaanza kuja, mwanzoni akisingizia kwamba amepita tu.

Walikuja Durban mwaka huu, mwezi wa sita, kama kijana alivyomwahidi mke wangu. Bibi hakuweza, lakini alituma sauti iliyorekodiwa, dakika mbili, ambayo nimeisikiliza mara nyingi na sasa naelewa zaidi ya nusu. Tuliazima gari la mzee mmoja wa kanisani tukawapokea uwanja wa ndege. Kijana ni mrefu kuliko alivyoonekana kwenye simu. Aliweka masanduku chini, akamshika mkono mke wangu kwa mikono miwili, kisha akasimama mbele yangu kama mwanafunzi mbele ya ubao.

"Niminwendaamin gii-tagoshinaang omaa," akasema.

Mwanzo niliuelewa: tumefurahi. Mwisho niliuelewa: hapa. Katikati palikuwa na kitenzi cha kufika, lakini *ni* yake sikuiona. Nililipekua lile neno lote kichwani mwangu, mbele na nyuma, na sikuwa na jedwali lake. Nilimwambia hivyo, hadharani, kati ya watu na mikokoteni ya mizigo: hilo hatujalisoma.

"Nimelisoma mimi, papa," akasema kwa Kiswahili.

Tulipokuwa njiani aliketi mbele pamoja nami, akanieleza. Kuna sentensi zinazosimama zenyewe, na kuna zile zinazoegemea nyingine, kama vile "tulipofika" inavyoegemea "tumefurahi". Katika hizo zinazoegemea, mtu huondoka mwanzoni mwa kitenzi na kuhamia mwishoni. Ile *aang* ndiyo sisi. Bibi alikuwa amemfundisha kwa wiki tatu. Nilimwomba aseme tena, na tena, nikayarudia baada yake, akanisahihisha urefu wa irabu. Nyuma, mke wangu na binti yetu walikuwa wameacha maongezi yao wanatusikiliza. Sijawahi kupitwa na mwanafunzi nikafurahi kiasi kile. Tulikuwa tumesimama kwenye robot karibu na Umbilo, nikamwambia angoje kidogo, nikatoa kalamu mfukoni na kuanza kuandika nyuma ya tiketi ya maegesho. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, na mke wangu akaniambia niendeshe kwanza, sarufi haikimbii.